Kanuni Moja, Njia Nyingi: Misingi ya Njia za Mkato katika Kuzidisha Namba za Tarakimu Mbili kwa Kichwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua njia za mkato zinazotumika kuzidisha namba za tarakimu mbili kwa kichwa, yaani bila karatasi wala kikokotoo. Mara nyingi njia hizo hufundishwa kama mbinu zisizohusiana, kila moja ikiwa na masharti yake ya kukariri. Hoja kuu ya makala ni kwamba njia hizo, isipokuwa moja, huzaliwa na kanuni moja ya mtawanyo, na kwamba majina ya namba katika Kiswahili yanaonesha tayari hatua ya kwanza ya kanuni hiyo. Njia tano zimechambuliwa kwa kubainisha sababu, mipaka na makosa ya kila moja. Aidha, jozi za namba zinazofikiwa na njia tatu maarufu zimehesabiwa, na imebainika kuwa ni jozi 349 tu kati ya 8,100. Makala yanahitimisha kuwa njia ya mkato iliyofundishwa bila sababu yake humwacha mwanafunzi bila msaada katika sehemu kubwa ya maswali, na humpa majibu yasiyo sahihi bila yeye kutambua.

Maneno makuu: hesabu za kichwa, kuzidisha, kanuni ya mtawanyo, makadirio, ufundishaji wa hisabati

1.0 Utangulizi

Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia, hesabu za kichwa ni zoezi linalofahamika. Mwanafunzi hulikariri jedwali la kuzidisha hadi aweze kutaja saba mara nane bila kusita. Anapofika kwenye namba za tarakimu mbili, hufundishwa kuzipanga kwa wima, kuanza na mamoja, kubeba makumi, kisha kujumlisha mistari miwili. Njia hiyo ni sahihi, lakini ni njia ya karatasi. Karatasi ikikosekana, mwanafunzi hubaki na jedwali lake la kukariri na njia chache za mkato alizozisikia kwa mwalimu, kwa wenzake au mitaani.

Tatizo linaloshughulikiwa na makala haya linaonekana vizuri katika mfano mmoja. Njia ya mkato ya kuzidisha kwa 11 husemwa hivi: tenganisha tarakimu mbili za namba, kisha weka jumla yake katikati. Kwa namba 43, tarakimu 4 na 3 hutenganishwa, jumla yake 7 huwekwa katikati, na jawabu huwa 473. Jawabu hilo ni sahihi. Tuseme sasa mfanyabiashara ananunua mifuko 78 ya bidhaa kwa shilingi elfu kumi na moja kila mfuko. Akifuata maneno yaleyale, atatenganisha 7 na 8, ataweka 15 katikati, na kupata 7158, yaani shilingi milioni saba na ushei. Gharama halisi ni shilingi 858,000. Aliyekariri maneno ya njia bila kujua sababu yake hana namna ya kujua kuwa kuna jambo lililokwenda kombo, kwa kuwa ametenda sawasawa na alivyoambiwa.

Kwa hiyo, swali linaloongoza uchambuzi huu ni: njia za mkato zinatoka wapi, kila moja inafika wapi, na mtumiaji atajuaje kuwa amevuka mpaka wake?

2.0 Msingi: Kuvunja Namba na Kutawanya

2.1 Jina la namba kama hatua ya kwanza

Namba 47 huitwa arobaini na saba. Neno "na" katika jina hilo linafanya kazi ya alama ya kujumlisha: 40 + 7. Vivyo hivyo, themanini na tatu ni 80 + 3. Msemaji wa Kiswahili anapoitaja namba ya namna hii, huwa ameshaivunja katika makumi na mamoja yake.

Majina ya makumi kuanzia ishirini hadi tisini yana asili ya Kiarabu, lakini mpangilio wa namba nzima si wa Kiarabu. Katika Kiarabu, 47 hutajwa kwa kuanza na saba kisha arobaini. Kiswahili kimeyapokea maneno na kuyaweka katika utaratibu wake, makumi kwanza na mamoja baadaye, na utaratibu huo haubadiliki kuanzia kumi na moja hadi tisini na tisa. Kiingereza, ambacho mwanafunzi wa Tanzania hukutana nacho kama lugha ya kufundishia anapoingia sekondari, hutaja mamoja kabla ya kumi katika namba 13 hadi 19. Kijerumani huendelea kufanya hivyo hadi 99. Kwa mtu anayezidisha kwa kichwa, jina la Kiswahili humpa sehemu kubwa zaidi ya namba kwanza, na hiyo ndiyo sehemu inayobeba uzito wa jawabu.

2.2 Mafungu manne

Kanuni ya mtawanyo inasema kuwa kuzidisha jumla ni sawa na kuzidisha kila sehemu ya jumla hiyo, kisha kujumlisha majibu. Kwa namba mbili zilizovunjwa sehemu mbili kila moja, yaani (a + b) na (c + d), hupatikana mafungu manne:

(a + b)(c + d) = ac + ad + bc + bd

Kwa 47 mara 83, mafungu hayo ni 40 × 80 = 3200, 40 × 3 = 120, 7 × 80 = 560, na 7 × 3 = 21. Jumla yake ni 3901.

Maana ya mafungu haya huonekana katika umbo. Shamba la mstatili lenye upande wa hatua 83 na upande wa hatua 47 linaweza kugawanywa kwa kamba mbili: moja inakata upande mmoja kwenye hatua ya 80, nyingine inakata upande wa pili kwenye hatua ya 40. Hupatikana vipande vinne: kimoja kikubwa, viwili vyembamba na virefu, na kimoja kidogo cha pembeni. Eneo la shamba zima ni jumla ya vipande vyote vinne. Euclid, takribani miaka 300 Kabla ya Kristo, aliieleza kanuni hii kwa mistatili ya aina hiyohiyo katika pendekezo la kwanza la Kitabu cha Pili cha Elementi.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuzidisha makumi kwa makumi na mamoja kwa mamoja, kisha kusimama hapo. Kwa 47 mara 83 atapata 3200 + 21 = 3221. Kwa lugha ya shamba, amepima kipande kikubwa na kile kidogo cha pembeni, na kuviacha vile viwili vyembamba bila mwenyewe. Vipande hivyo vina hatua za mraba 680, eneo kubwa kuliko kipande kidogo zaidi ya mara thelathini.

Hapa kuna jambo linalohitaji uangalifu wa mwalimu. Mwanafunzi wa Tanzania hujifunza utaratibu wa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Akiandikiwa (40 + 7) × (80 + 3), utaratibu huo humwelekeza kufungua mabano kwanza, na akifanya hivyo hurudi kwenye 47 × 83 alikoanzia. Akiandikiwa 40 + 7 × 80 + 3 bila mabano, hupata 603, jibu la swali jingine kabisa. Kanuni ya mtawanyo haipingani na MAGAZIJUTO. Huonesha njia ya pili ya kufika kwenye jibu lilelile bila kujumlisha ndani ya mabano kwanza. Jambo hilo lisiposemwa waziwazi, mwanafunzi makini anaweza kudhani kuwa anavunja sheria aliyofundishwa.

2.3 Mwelekeo wa kuhesabu

Njia ya wima huanzia kulia. Kwa 47 mara 83, mwanafunzi hupata 141 kutoka kwa 3, kisha 376 kutoka kwa 8, huisogeza nafasi moja iwe 3760, na kujumlisha. Akifanya hivyo kichwani, analazimika kuishika 141 wakati anaitengeneza 376, pamoja na tarakimu zinazobebwa katikati. Karatasi ndiyo iliyokusudiwa kuvishika vitu hivyo.

Njia ya mafungu ikianzia kushoto hubeba kitu kimoja tu, yaani jumla inayokua: 3200, kisha 3760, kisha 3880, kisha 3901. Kila jumla mpya inaifuta ile ya zamani. Zaidi ya hayo, mtu akikatizwa katikati ya hesabu, aliyeanzia kushoto anajua tayari kuwa jawabu ni elfu tatu na mia kadhaa. Aliyeanzia kulia anajua tu kuwa jawabu linaishia na 1.

3.0 Njia za Mkato na Sababu Zake

3.1 Kuzidisha kwa 11

Kwa kuwa 11 ni 10 + 1, namba yoyote mara 11 ni namba hiyo mara kumi ikijumlishwa na namba yenyewe. 43 × 11 = 430 + 43 = 473. Tarakimu ya katikati ni jumla ya 3 na 4 kwa sababu katika kujumlisha, 3 ya 430 na 4 ya 43 hukutana kwenye nafasi ya makumi. Kwa 78, 780 + 78 = 858: hapo 8 na 7 hukutana na kuzaa 15, na kumi katika hiyo 15 hupanda kwenye mamia.

Mpaka wa njia hii unaweza kuhesabiwa. Kati ya namba 90 za tarakimu mbili, zile ambazo jumla ya tarakimu zake haizidi 9 ni 45. Hivyo basi, maneno "weka jumla katikati", yakifuatwa kama yalivyo, hukosea katika nusu kamili ya namba zote. Maneno "mara kumi, kisha ongeza namba yenyewe" hayakosei hata mara moja, na si marefu zaidi.

3.2 Makumi yaliyo sawa, mamoja yanayotimiza kumi

Ili kuzidisha 65 kwa 65, husemwa: zidisha 6 kwa namba inayoifuata, yaani 7, upate 42, kisha andika 25 mbele yake. Jawabu ni 4225. Njia hii ni tawi la njia pana zaidi inayozihusu namba zote mbili zenye makumi sawa na ambazo mamoja yake yakijumlishwa hutimiza kumi. Kwa 43 mara 47: 4 × 5 = 20, na 3 × 7 = 21; jawabu ni 2021.

Sababu ni kuungana kwa yale mafungu mawili ya kati. Ikiwa makumi ni a na mamoja ni b na c, ambapo b + c = 10, basi:

(10a + b)(10a + c) = 100a² + 10a(b + c) + bc = 100a² + 100a + bc = 100a(a + 1) + bc

Vile vipande viwili vyembamba vya shamba, vikiunganishwa, huwa mstatili mmoja wenye upana wa kumi kamili. Ndiyo maana a huzidishwa kwa a + 1.

Njia hii ina mitego miwili. Wa kwanza ni sifuri. Kwa 61 mara 69, 6 × 7 = 42 na 1 × 9 = 9, lakini jawabu ni 4209, si 429, kwa kuwa 42 ni mamia na zao la mamoja lazima lichukue nafasi mbili. Hali hii hutokea katika jozi 18 kati ya 81 zinazohusika na njia hii, yaani pale ambapo mamoja ni 1 na 9. Mtego wa pili ni kuitumia njia pale ambapo mamoja yanatimiza kumi lakini makumi si sawa, kama 43 mara 57. Hapo mafungu ya kati hayaungani kwa namna iliyoelezwa, na njia haina nguvu.

3.3 Tofauti ya miraba

Mraba wa namba ni jawabu la namba ikizidishwa kwa yenyewe. Namba mbili zilizo mbali sawasawa na namba ya katikati huzidishwa kwa kuchukua mraba wa ile ya katikati na kutoa mraba wa umbali:

(m + d)(m − d) = m² − d²

Ile 43 mara 57 iliyoshindikana hapo juu ipo katika himaya ya njia hii: katikati ni 50, umbali ni 7, jawabu ni 2500 − 49 = 2451. Vilevile, 37 × 43 = 1600 − 9 = 1591. Mafungu ya kati hapa hayaungani bali hufutana, kwa kuwa moja huongeza md na jingine huitoa. Euclid aliuthibitisha usawa huu kwa maumbo katika pendekezo la tano la Kitabu cha Pili.

Wazo hili lilitumika pia nje ya kichwa. Mwaka 1817, Antoine Voisin alichapisha nchini Ufaransa jedwali la robo za miraba za namba 1 hadi 1000. Aliyelitumia alitafuta robo ya mraba wa jumla ya namba zake mbili, akatoa robo ya mraba wa tofauti yake, na kilichobaki kilikuwa jawabu la kuzidisha. Kazi ya kuzidisha iligeuzwa kuwa kazi ya kujumlisha na kutoa.

Pale ambapo namba mbili hazina katikati iliyo namba nzima, sogeza moja kidogo kisha rekebisha. Kwa 47 mara 54, anza na 47 mara 53 = 2500 − 9 = 2491, kisha ongeza 47 moja iliyobaki: 2538.

3.4 Namba zilizo karibu na 100

Kwa 97 mara 94, hutazamwa upungufu wa kila namba kutoka 100: 3 na 6. Toa upungufu wa namba moja kutoka kwa namba ya pili: 97 − 6 = 91. Hayo ni mamia. Zidisha pungufu mbili: 3 × 6 = 18. Jawabu ni 9118. Sababu yake ni:

(100 − p)(100 − q) = 100(100 − p − q) + pq

Mpaka wake upo kwenye pq. Kwa 88 mara 87, pungufu ni 12 na 13, zao lake ni 156, na jawabu ni 7500 + 156 = 7656. Anayebandika tarakimu badala ya kujumlisha atasoma 75156. Kwa 98 mara 97, pq ni 6, na sifuri inahitajika: 9506.

Njia hii na nyinginezo zilienezwa na kitabu cha Bharati Krishna Tirthaji kilichochapishwa nchini India mwaka 1965, baada ya kifo chake, kwa jina la Hisabati ya Veda. Wataalamu wa historia ya hisabati wamepinga dai kuwa njia hizo zimo katika maandiko ya Veda. Mjadala huo ni wa asili ya njia, si wa usahihi wake. Usahihi unategemea mlinganyo ulioandikwa hapo juu, nao uko wazi kwa yeyote.

3.5 Kuongeza maradufu

Waandishi wa Misri ya kale walizidisha kwa kuongeza maradufu. Papiri ya Rhind, iliyonakiliwa na mwandishi Ahmes zaidi ya miaka 3,500 iliyopita na ambayo sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika makumbusho ya British Museum mjini London, ina mifano ya njia hiyo. Kwa 13 mara 24, huandaliwa 24, 48, 96 na 192, ambazo ni 24 mara 1, 2, 4 na 8. Kwa kuwa 13 ni 1 + 4 + 8, jawabu ni 24 + 96 + 192 = 312. Huu nao ni mtawanyo. Tofauti ni kwamba namba imevunjwa kwa maradufu badala ya makumi.

Njia jirani ni kugawa namba moja kwa mbili na kuiongeza nyingine maradufu: 16 × 35 = 8 × 70 = 560. Hii ndiyo njia pekee katika makala haya isiyozaliwa na mtawanyo. Inategemea uhuru wa kupanga upya vigawo: ile 2 iliyomo ndani ya 16 inahamishiwa kwenye 35. Mpaka wake ni kuwa namba inayogawanywa iwe shufwa.

4.0 Njia Maarufu Zinafika Wapi?

Njia tatu zinazorudiwa zaidi ni ile ya 11, ile ya makumi sawa na mamoja yanayotimiza kumi, na ile ya namba zilizo karibu na 100. Ufikaji wake unaweza kuhesabiwa bila kukisia. Namba za tarakimu mbili ni 90, kuanzia 10 hadi 99. Maswali yote ya kuzidisha namba mbili kati ya hizo ni 90 × 90 = 8,100, ikiwa 47 × 83 na 83 × 47 zitahesabiwa kama maswali mawili.

Maswali yenye 11 upande mmoja au pande zote ni 179. Yenye makumi sawa na mamoja yanayotimiza kumi ni 9 × 9 = 81, yaani asilimia moja kamili. Yenye namba zote mbili kati ya 90 na 99 ni 100. Baadhi ya maswali yamo katika makundi mawili: 11 × 19 na 19 × 11 yamo katika kundi la kwanza na la pili, na maswali tisa kama 91 × 99 yamo katika kundi la pili na la tatu. Yakiondolewa yaliyorudiwa, hubaki 179 + 81 + 100 − 11 = 349.

Hiyo ni takribani asilimia 4.3. Mwanafunzi aliyejizatiti kwa njia hizo tatu peke yake ana silaha kwa maswali 349 na mikono mitupu kwa maswali 7,751. Aliyeielewa kanuni ya mafungu manne ana njia kwa maswali yote 8,100, na zile njia tatu kwake huwa ni nafasi za kupumzika, pale ambapo mafungu yameungana au yamefutana kwa bahati njema.

5.0 Kulihakiki Jawabu

Anayezidisha kwa kichwa hana mstari ulioandikwa wa kurudi kuukagua. Anahitaji uhakiki ulio mfupi kuliko hesabu yenyewe. Njia tatu za uhakiki zinajulikana.

Ya kwanza ni makadirio: 47 mara 83 iko karibu na 50 mara 80, yaani 4000. Ya pili ni tarakimu ya mwisho: 7 × 3 huishia na 1, hivyo jawabu lazima liishie na 1. Ya tatu ni kutoa tisa: jumlisha tarakimu za kila namba hadi ibaki tarakimu moja, na matokeo ya namba zilizozidishwa yakizidishwa yalingane na ya jawabu. 47 hutoa 11, kisha 2; 83 hutoa 11, kisha 2; 2 × 2 = 4. Jawabu 3901 hutoa 13, kisha 4. Yamelingana.

Uhakiki wa tisa ndio wenye sifa ya kuwa wa kitaalamu zaidi kati ya hizo tatu, lakini matumizi yake kwa makosa yaliyojadiliwa yanaonesha udhaifu usiotajwa mara kwa mara. Jawabu 7158 la 78 mara 11 linaupita: 78 hutoa 6, 11 hutoa 2, zao ni 12, ambalo hutoa 3, na 7158 hutoa 21, kisha 3. Jawabu 429 la 61 mara 69 linaupita pia, kwa kuwa sifuri iliyosahaulika haibadilishi jumla ya tarakimu. Makosa yote mawili ni ya nafasi ya tarakimu, na uhakiki wa tisa hauoni nafasi. Hata tarakimu ya mwisho haiyafichui, kwa kuwa 7158 huishia na 8 na 429 huishia na 9 kama inavyopaswa. Makadirio ndiyo yanayoyakamata papo hapo: 80 mara 10 ni 800, na 60 mara 70 ni 4200.

Kwa upande mwingine, yale mafungu mawili yaliyosahaulika, yaliyozaa 3221, yanaweza kumpita mtu anayekadiria kwa ulegevu, na tarakimu ya mwisho haiyaoni. Uhakiki wa tisa unayakamata: 3221 hutoa 8, si 4. Na mtu akibadilishana tarakimu na kusema 3910 badala ya 3901, makadirio na tisa zote zitamwacha apite. Tarakimu ya mwisho itamzuia. Hakuna uhakiki mmoja unaotosha. Hata hivyo, kwa makosa yanayozaliwa na njia za mkato zenyewe, makadirio yana nafasi ya kwanza, na ni wepesi kwa aliyezoea kuanzia kushoto kwa sababu hatua yake ya kwanza tayari ni makadirio.

6.0 Ushahidi kutoka Nje ya Darasa

Dai kuwa kuvunja na kutawanya ni njia ya kawaida ya akili lina ushahidi wa kiutafiti. Mwaka 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto watano waliofanya biashara ndogondogo mjini Recife, Brazil. Watoto hao waliulizwa maswali ya bei wakiwa kazini, kisha wakapewa hesabu za aina hiyohiyo katika mazingira rasmi. Kazini walipata asilimia 98.2 ya majibu sahihi. Hesabu zilipowasilishwa bila habari ya biashara, kama namba tupu, walipata asilimia 36.8.

Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja ikiwa kruzeiro 35. Kanuni ya shule ingemtaka aongeze sifuri upande wa kulia. Yeye alianza na nazi tatu, ambazo alijua kuwa ni 105, akaongeza tatu nyingine, kisha tatu nyingine, akafika 315, halafu akaongeza moja iliyobaki na kupata 350. Aliivunja kumi kuwa tatu, tatu, tatu na moja, na kuitawanya 35 juu ya vipande hivyo. Si njia fupi, lakini ni kanuni ya mtawanyo kwa ukamilifu wake, na kila hatua ilikuwa na maana ya nazi zinazoonekana.

Watoto watano ni wachache, na Recife si Kariakoo. Hata hivyo, utafiti huo unatoa tahadhari kwa mtahini na mwalimu popote: mwanafunzi anayefika kwenye jawabu sahihi kwa vipande visivyofanana na mistari ya wima hajakosea, na huenda anaielewa kanuni kuliko mwenzake aliyepanga mistari vizuri. Kumnyima alama kwa sababu ya mwelekeo wa hesabu yake ni kumfundisha kuacha anachokielewa na kushika asichokielewa.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kuwa njia za mkato za kuzidisha namba za tarakimu mbili ni hali maalumu za kuvunja namba na kutawanya, ukiacha ile ya kuhamisha vigawo. Mafungu manne huwapo daima. Njia ya mkato ni pale ambapo mawili ya kati yanaungana kuwa mamia kamili, au yanafutana, au yanamezwa na upungufu mdogo. Kwa sababu hiyo, inapendekezwa kuwa kila njia ya mkato ifundishwe pamoja na mambo matatu: sababu yake, mpaka wake, na makadirio yatakayomwonya mtumiaji anapouvuka.

Inapendekezwa pia kuwa mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili aanze na jina la namba kabla ya kuandika namba yenyewe ubaoni. Mwanafunzi akiombwa ataje polepole arobaini na saba, kisha themanini na tatu, na kuulizwa kila neno "na" linaunganisha nini, mafungu manne yatapatikana mdomoni mwake kabla ya kalamu kugusa karatasi. Yule mnunuzi wa mifuko 78 naye, akikumbuka tu kuwa elfu kumi na moja ni elfu kumi na elfu moja, atalipa shilingi 780,000 na 78,000 juu yake, na milioni sita na laki tatu zisizomhusu zitabaki mfukoni mwake.